Sudan Kusini: Timu Iliyojengwa Mezani Kabla ya Kuingia Uwanjani

Makocha, waamuzi, viongozi wa vilabu na vyama, na nyinyi vijana mliokaa nyuma na mipira mapajani: hamjambo. Nimepewa dakika arobaini, sawasawa na mechi ya FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia. Nitajitahidi tusifike muda wa nyongeza.

Mada ya leo ni timu ya taifa ya kikapu ya wanaume ya Sudan Kusini, Bright Stars. Dunia ilishtuka usiku wa tarehe 20 Julai 2024, pale O2 Arena, London, katika mechi ya kujipima kabla ya Olimpiki. Hadi mapumziko Sudan Kusini 58, Marekani 44. Uongozi ukafika pointi 16. Zikiwa zimebaki kama sekunde 20, JT Thor akaiweka timu yake mbele 100-99. LeBron James akachukua mpira, akaingia hadi chini ya kikapu, akafunga. Zilibaki sekunde nane. Mtupo wa mwisho wa Carlik Jones haukuingia, na Marekani wakatoka na 101-100. Jones peke yake alikuwa na pointi 15, asisti 11, yaani pasi za kufungisha, na ribaundi 11, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa.

Kesho yake kila redio ilizungumzia urefu. Wadinka ni warefu, Wanuer ni warefu, mnategemea nini? Urefu huo haukuanza juzi. Manute Bol wa Turalei, mita 2.31, aliingia NBA mwaka 1985. Luol Deng, mzaliwa wa Wau, alichaguliwa wa saba mwaka 2004, akacheza mechi mbili za nyota wa NBA akiwa Chicago. Watu warefu walikuwepo miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa mezani na mafaili, kalenda na simu. Hiyo kazi ya mezani ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa sababu huku kwetu ndiyo tunayoikimbia.

Tuanzie hapa hapa jirani, Nairobi, Januari 2020, Ukumbi wa Nyayo, mchujo wa awali wa AfroBasket, kombe la Afrika la kikapu, kwa Kanda ya Tano. Sudan Kusini ilikuwa nchi ya miaka minane na nusu, ikiwa mwanachama wa FIBA tangu mwishoni mwa 2013, yaani wakati uleule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Juba. Deng alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa rais wa shirikisho, na Nairobi alikaa mwenyewe kwenye benchi kama kocha. Wakafika hadi mwisho, wakafungwa na Kenya. Nafasi ilikuwa moja, na Morans wakaichukua.

Angekuwa mwingine, faili lingefungwa hapo. Lakini Algeria walipojitoa kwenye hatua iliyofuata, FIBA ilitafuta nchi ya kuziba pengo, na Sudan Kusini walikuwa tayari. Neno hilo, tayari, lina maana ya kikaratasi kabisa: orodha ya wachezaji ipo, pasipoti zipo, ada zimelipwa, kuna mtu anayejibu barua pepe siku hiyohiyo. Novemba 2020 walikuwa Kigali wakicheza kundi moja na Nigeria, Mali na Rwanda. Agosti mwaka uliofuata walirudi Kigali kwa fainali zenyewe, safari hii na kocha Royal Ivey, mchezaji wa zamani wa NBA. Na waliyekutana naye kwenye mechi ya kuwania robo fainali ni Kenya. Sudan Kusini 60, Kenya 58. Kenya waliokuwa wamewazuia Nairobi, tena wakiwa wamerudi AfroBasket baada ya miaka 28, wakatolewa kwa kikapu kimoja. Robo fainali Sudan Kusini wakafungwa na Tunisia, waliokwenda kuchukua kombe.

Sasa tuje kwenye mafaili. Naomba hapa mwenye kalamu aandike.

Kanuni ya FIBA ya uraia ina misumari miwili. Wa kwanza: mchezaji mwenye uraia wa nchi mbili au zaidi anachagua moja, na akishaichezea nchi hiyo kwenye mashindano makuu rasmi ya FIBA baada ya kutimiza miaka 17, amejifunga nayo. Kufunguliwa ni kwa kibali cha Katibu Mkuu wa FIBA, akiona kwamba kufanya hivyo kunasaidia kuukuza mchezo katika nchi ya asili ya mchezaji. Msumari huu uliwagharimu Sudan Kusini majina makubwa. Deng mwenyewe aliichezea Uingereza, hadi Olimpiki ya London 2012, kwa hiyo hakuwahi kuivalia jezi nchi aliyokuja kuiongoza. Duop Reath, mzaliwa wa Waat, ana medali ya shaba ya Tokyo akiwa na Australia. Thon Maker naye aliichezea Australia. Ater Majok akaenda Lebanon. Msiwalaumu. Walipoitwa na wenzao, nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwapigia simu.

Msumari wa pili unawachoma wengi bila wao kujua. Katika wachezaji 12 wa mechi, ni mmoja tu anayeruhusiwa kuwa amepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Makocha wengi wanadhani hii inamhusu mgeni aliyeomba uraia. Kanuni ni pana kuliko hivyo. Hata mwenye haki ya uraia tangu kuzaliwa, kwa damu ya baba au mama, kama hakuidai haki hiyo kabla ya kufika miaka 16, anaangukia kundi hilohilo la mmoja, mpaka FIBA ipitie vielelezo vyake na kuamua vinginevyo.

Weka kanuni hiyo mbele ya nchi iliyozaliwa tarehe 9 Julai 2011. Nuni Omot alizaliwa Kenya mwaka 1994, akakulia Minnesota. Alipotimiza miaka 16, pasipoti ya Sudan Kusini ilikuwa bado haipo duniani. Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum, akakulia New Hampshire. Marial Shayok alizaliwa Ottawa. Hakuna hata mmoja ambaye faili lake linafanana na la mwenzake.

Basi faili la mchezaji wa namna hii linahitaji nini? Cheti cha kuzaliwa, au hati ya ukimbizi inayokaa mahali pake. Vyeti au pasipoti za wazazi. Nakala za pasipoti zote alizonazo, na kila moja tarehe ya kutolewa ionekane, maana hiyo tarehe ndiyo inayoulizwa kwanza. Orodha ya mashindano yote aliyocheza tangu akiwa kijana, na kwa jezi ya nchi gani. Halafu angalia herufi. Jina moja la Kidinka limeandikwa kwa Kiarabu Khartoum, likahamishiwa herufi za Kilatini Cairo, likaandikwa tena kambini Kakuma, likafika Australia likiwa jina la nne. Baba ni fulani kwenye hati moja, na kwenye nyingine jina la babu limekuwa la ukoo. Hapo utahitaji kiapo cha kisheria kinachosema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Na tarehe 1 Januari! Wakimbizi wengi mno wameandikishwa kuzaliwa tarehe hiyo, kwa sababu karani alitaka kujaza nafasi. Kwa timu ya wakubwa haileti shida sana. Kwa vijana chini ya miaka 16 au 18 ni kesi nzima.

Kosa la kawaida hapa kwetu ni kuanza faili pale tunapomhitaji mchezaji. Dirisha la mechi, yaani kipindi kilichotengwa kwa mechi za timu za taifa, ni Februari, tunampigia Desemba, pasipoti inatoka Machi. Anza faili akiwa na miaka 14, hata kama hujui atakuwa mchezaji wa aina gani. Pasipoti ya mtoto wa miaka 14 gharama yake ni ileile, na haijawahi kumdhuru mtu.

Ile nafasi moja ya aliyepata uraia ukubwani nayo ina busara yake. Nchi nyingi huitumia kwa jitu la kukaa chini ya kikapu, kwa sababu jitu linaonekana. Sudan Kusini walikuwa na watu wa mita mbili wa kumwaga, wanaokimbia na kutupa kutoka mbali. Walichokosa ni mchezeshaji, mtu wa kushika mpira anapobanwa na walinzi wawili, akatoa pasi bila kuupoteza. Wakampa nafasi hiyo Carlik Jones, mzaliwa wa Cincinnati, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi ya maendeleo ya NBA msimu wa 2022-23. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 alimaliza akiongoza mashindano yote kwa asisti, wastani wa 10.4 kwa mechi. Kocha, kabla hujatafuta mchezaji wa nje, kaa chini ujiulize ni nafasi gani ambayo ardhi yako haioti.

Kalenda. Mchujo wa Afrika wa Kombe la Dunia la 2023 ulikuwa na mechi 12, zikachezwa kwa madirisha manne. Kila dirisha timu hukusanyika mji mmoja na kucheza mechi tatu, siku tatu mfululizo. Dakika 120 ndani ya saa 72, na baadhi ya wachezaji wameshuka kwenye ndege ya saa 20 kutoka Australia. Hapo kinachokuangusha si mpango wa mchezo, ni miguu ya siku ya tatu. Utaiona kwenye mitupo huru, inaanza kugonga mbele ya pete, mara moja, mara mbili, halafu ulinzi unaanza kuchelewa nusu hatua. Dawa yake inaanza siku ya kwanza: dakika 28 kwa mchezaji, ukizidi sana 30, hata kama mechi inakukaba koo. Ndiyo maana orodha ndefu ya majina 24 si mapambo. Madirisha ya Novemba na Februari yanaangukia katikati ya msimu, NBA haiachii mtu, na vilabu vya EuroLeague, ligi kubwa ya Ulaya, navyo ni vigumu. Unatakiwa kuwa na timu mbili kichwani: ya baridi na ya kiangazi. Ya baridi wanabeba watu wa ligi za kati, na Sudan Kusini walivuna sana ligi ya Australia: Sunday Dech, Majok Deng, Bul Kuol, Kuany Kuany. Ya kiangazi unaongeza wenye mikataba mikubwa, ukishalipia bima, maana hakuna klabu itakayomwachia mtu wa mamilioni aje aumie goti bila mtu wa kulipa.

Wakashinda mechi 11 kati ya 12. Waliowafunga ni Misri tu. Tiketi ikakatwa Alexandria, Februari 2023, kwa ushindi wa 83-75 dhidi ya Senegal, mabingwa mara tano wa Afrika. Na katika mechi zote hizo 12 hawakucheza hata moja nyumbani, kwa sababu Juba hapakuwa na ukumbi wa ndani unaokidhi viwango. Kambi zao zilikuwa Kigali mara nyingi, na gharama nyingi, tiketi na hoteli, alizitoa Deng mfukoni. Hili nalisema bila kulipamba. Shirikisho linaloishi kwa mfuko wa mtu mmoja liko siku moja tu mbali na njaa, na yeye mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana amehangaikia ujenzi wa ukumbi Juba.

Manila 2023, kwenye Kombe la Dunia lenyewe, nitapita haraka. Mechi ya kwanza walifungwa na Puerto Rico 101-96 baada ya muda wa nyongeza. Wakawachapa China 89-69. Serbia wakawapa somo, 115-83. Kisha wakawafunga wenyeji Ufilipino 87-68 mbele ya mashabiki wao, na siku ya mwisho, Septemba 2, Angola 101-78. Nafasi ya 17 duniani, ya kwanza kwa timu za Afrika, na timu ya kwanza Afrika ilikwenda Olimpiki moja kwa moja. Angola hao ndio waliotawala bara hili kwa zaidi ya miaka ishirini, wakachukua hata lile kombe la Nairobi mwaka 1993. Kuwafunga kwa pointi 23 siku ambayo tiketi ya Paris iko mezani ni jambo ambalo wazee wa kikapu wa Luanda hawatalisahau haraka.

Kwenye kambi fupi za kiangazi kuna tatizo la kiufundi linalowakuta wote wanaochanganya wachezaji wa Marekani na wengine: sheria. Mtu ametoka kucheza dakika 48 zenye faulo sita, anaingia kwenye dakika 40 zenye faulo tano. Akipata faulo mbili robo ya kwanza kwa kuutafuta mpira mikononi mwa mtu, kama alivyozoea, umempoteza hadi mapumziko. Mstari wa pointi tatu kwao uko mita 7.24, kwetu 6.75. Kwa mtupaji ni zawadi, ila nafasi kati ya wachezaji inabanana, kwa sababu mlinzi akisimama katikati ana hatua chache za kukimbia kumfuata mtupaji. Tena mlinzi huyo anaruhusiwa kukaa chini ya kikapu atakavyo, hakuna sekunde tatu za ulinzi. Mpira ukishagusa pete, chini ya FIBA ni halali kwa yeyote kuupiga au kuusukumia ndani, na warefu wa NBA husimama wakiuangalia kwa sababu kwao ni kosa. Na mapumziko mafupi huombwa na kocha au msaidizi wake tu, mawili nusu ya kwanza, matatu nusu ya pili. Mchezaji aliyezoea kumpungia mwamuzi akiwa amebanwa pembeni atapungia hadi achoke. Siku mbili za kambi ziende kwenye mambo haya, mengine yafuate.

Mchezaji mmoja hakuwa na tatizo hilo, kwa sababu kikapu alikijua kupitia FIBA. Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, alikulia Kawempe, Kampala. Alianza kucheza akiwa ameshavuka miaka kumi, akapelekwa kituo cha NBA cha Saly, Senegal, na akacheza Kombe la Dunia akiwa na miaka 16, mita 2.18. Mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi NBA. Kampala imejaa makocha wa mitaani wenye macho. Wapo waliomwona mtoto huyo akiwa na viatu vilivyomzidi, wakamwambia njoo kesho.

Nifunge na Lille, Ufaransa, kwenye Olimpiki ya 2024, maana pale ndipo kuna hesabu ninayotaka muondoke nayo. Julai 28 ulipigwa wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini. Wachezaji wakasimama wakiangaliana, uwanja ukazomea, waandaaji wakaomba radhi, wimbo sahihi ukapigwa. Kisha wakaifunga Puerto Rico 90-79, Jones akiwa na pointi 19. Ushindi wa kwanza wa nchi hiyo kwenye kikapu cha Olimpiki, na nchi haijatimiza hata miaka 14. Julai 31 Marekani wakashinda 103-86.

Ubao huu mnauona? Timu 12, makundi matatu, nane zinakwenda robo fainali: mbili za kila kundi, na mbili bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu. Kufikia asubuhi ya Agosti 3, Brazil walikuwa wamemaliza wakiwa na ushindi mmoja na tofauti ya pointi hasi 7. Ugiriki, ushindi mmoja, hasi 8, wamefunga jumla ya pointi 233. Sudan Kusini walikuwa na chanya 11 na hasi 17, jumla hasi 6, pointi 176 za kufunga, na mechi moja mkononi dhidi ya Serbia.

Hesabuni wenyewe. Wakishinda, wamepita. Wakifungwa kwa pointi moja, wanakuwa hasi 7, wanawapita Ugiriki. Wakifungwa kwa mbili, wanakuwa hasi 8, sawa na Ugiriki, halafu zinaangaliwa pointi za kufunga, na hapo walihitaji 58 tu ndani ya dakika 40. Maana yake walikuwa na ruhusa ya kufungwa kwa pointi mbili na bado wakaingia nane bora duniani. Matokeo: Serbia 96, Sudan Kusini 85. Hasi 17. Brazil na Ugiriki wakaendelea.

Hesabu kama hii huandikwa kwenye kadi kabla ya mechi na kukabidhiwa msaidizi mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, kwa sababu inabadilisha maamuzi ya dakika tatu za mwisho. Ukiwa nyuma kwa pointi sita na dakika moja imebaki, kocha wa kawaida anaamuru faulo na mitupo ya haraka ya pointi tatu, na sita inageuka kumi na moja. Anayejua kwamba nyuma kwa mbili kunatosha anatafuta vikapu viwili vya karibu na kuzuia mara mbili, wala hafikirii ushindi. Na inarudi nyuma hadi mechi ya Marekani: kila kikapu cha dakika za mwisho, mechi ikiwa imeshaisha kwa macho ya mashabiki, kilikuwa kinaandikwa kwenye hesabu ya Agosti 3.

Ubao nauacha hapo msiufute, mtauhitaji kwenye maswali. Kipaza sauti kianze kwa yule dada wa safu ya tatu aliyekuwa anatikisa kichwa nilipotaja dakika 28.